Metodi Niliyoiacha Wazi

Vijana wangu, swali mliloniletea lilikuwa fupi na la adabu. Mliandika: "Shikamoo mzee. Tunabishana darasani. Tukiandika klasi za kontrola kwenye programu ya wavuti, metodi zake tuziache wazi ili wengine waweze kuziandika upya, au tuzifunge? Wewe umefanya kazi hii miaka mingi, tuamulie."

Marahaba. Ujumbe wenu ulinikuta uani kwangu hapa Same. Nikaiweka simu chini, nikaenda kumwagilia mchicha ambao nilikuwa nimeshaumwagilia asubuhi. Nikarudi, nikasoma tena. Imenichukua wiki tatu kuwajibu, na kilichonichelewesha ni aibu.

Jibu lenyewe ninalo, na nitawapa. Lakini nikiwapa jibu peke yake mtadhani nililipata kwa akili zangu. Nililipata kwa kumwumiza mama mmoja ambaye hajawahi kushika kompyuta, na kwa kumwachia mwenzangu wa kazi mzigo uliokuwa wangu.

Kwanza tuelewane maneno, maana najua baadhi yenu ndio mnaanza. Klasi ni fungu la msimbo, na metodi ni kazi moja iliyoandikwa ndani yake. Kontrola ni kile kipande cha programu kinachopokea ombi la mtu aliyebofya kwenye ukurasa, kikaamua apewe nini. Ukiwa na kontrola nyingi zinazofanana, unaandika moja iwe mama, nyingine zinarithi kwake. Mtoto anaweza kuchukua metodi ya mama na kuiandika upya kwa namna yake. Darasani mna neno lenu la Kizungu. Mimi nimecheza sana karata, nitaita kupiku. Katika lugha tuliyotumia ofisini kwetu, mtoto hawezi kupiku mpaka mama awe ameweka neno moja la ruhusa mbele ya metodi. Bila neno hilo, metodi imefungwa. Neno moja tu. Mimi niliwahi kuliweka mbele ya kila metodi niliyoandika, kama mpishi anayetia chumvi bila kuonja.

Nilikuwa na sababu, na nitaisema ili msinione mjinga kabisa. Kabla sijaja Same nilifanya kazi Moshi, kwenye kampuni ndogo iliyonunua maktaba ya programu, yaani klasi zilizokwisha kuandikwa na wengine, kwa watu wa mbali. Maktaba ile ilichapa tarehe kwa kutanguliza mwezi. Tulitengeneza barua za miadi ya kliniki, na mama mmoja aliyeandikiwa tarehe nne mwezi wa tano akafika na mtoto mgongoni tarehe tano mwezi wa nne. Alinitazama, akatazama barua, akaniuliza kama sisi tuna kalenda yetu. Nilitaka kurekebisha siku ileile, lakini metodi ya kupanga tarehe ilikuwa imefungwa. Ikabidi ninakili klasi nzima, ukurasa kwa ukurasa, ili nibadilishe mstari mmoja. Miezi kadhaa baadaye wenye maktaba wakarekebisha hitilafu nyingine humo ndani. Klasi yao ikapona, nakala yangu ikabaki na ugonjwa wake. Nilitafuta hitilafu hiyo siku nne, nikagombana na kila mtu ofisini, kumbe mgonjwa alikuwa kwangu.

Nikaapa: mimi sitamfungia mtu. Atakayerithi klasi yangu atakuta kila kitu wazi.

Nilipoajiriwa na Bwana Zuberi hapa Same nilikuja na kiapo hicho. Bwana Zuberi ni wa ukoo wa wafanyabiashara wa siku nyingi hapa mjini. Chini alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, juu akaweka meza tatu na kompyuta, akasema naye anaingia kwenye mifumo. Hakujua kuandika hata mstari mmoja, lakini alijua kumsikiliza mteja. Shirika moja lenye zahanati milimani na tambarare lilimwomba mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, naye akanikabidhi. Kila zahanati ilikuwa na mambo yake, kwa hiyo nikaandika kontrola mama moja, na kila zahanati nikaipa mtoto wake. Metodi zote wazi.

Na mwanzoni ilinilipa. Zahanati moja ya juu ilikuwa na kina Naomi wengi mno. Naomi binti Elieza walikuwa watatu, na wawili kati yao walizaliwa mwaka mmoja. Muuguzi alikuwa akichungulia dirishani kujua ni Naomi yupi aliyefika. Nikapiku metodi ya kuonyesha jina, nikaongeza jina la babu na kitongoji, kazi ya nusu saa. Muuguzi akanipigia: "Kaka, leo kila Naomi amepata dawa yake mwenyewe." Nilitembea mjini siku hiyo kifua mbele. Ndiyo maana nawaambia, kuacha wazi kuna raha yake, na raha hiyo ndiyo iliyonipumbaza.

Nakundwa alikuja mwaka uliofuata. Kwao ni Ngujini, alikuwa ameshafanya kazi Arusha miaka kadhaa, na mimi nilimzidi kama miaka ishirini. Alisoma programu kama mtu anayechambua maharage: polepole, akitoa moja moja. Asubuhi moja alikuja mezani kwangu na daftari.

"Shikamoo, Kaka Eli."

"Marahaba. Umekunywa chai?"

"Bado. Kaka, hii metodi ya AnaruhusiwaKuona, umeiacha wazi kwa makusudi?"

"Zote nimeziacha wazi."

"Nimeona. Zile za majina na fomu, sina neno. Hii inaamua nani aone majibu ya maabara ya mgonjwa. Mtu akiipiku akasahau kuita ile ya mama, ulinzi wote umeondoka, na hakuna kitu kitakacholia."

"Nani atasahau? Humu ndani tuko wawili."

"Leo tuko wawili."

Nikacheka. Nikamwambia maneno ambayo ningelipa niyarudishe mdomoni: "Dada, wewe hujawahi kufungiwa nje na maktaba ya watu. Siku utakapobanwa, utanishukuru."

"Sawa kaka," akasema, akaenda kunywa chai yake. Jioni aliniandikia barua pepe ndefu kuhusu jambo lilelile. Niliona urefu wake, nikaiweka kando. Sikuifungua.

Angalieni, sikumkatalia kwa hoja. Ningekuwa na hoja ningeitoa. Nilimkatalia kwa umri.

Miezi michache baadaye kuna zahanati ilikwama. Ni ya kijiji kimoja cha milimani, sitakitaja. Muuguzi wao alikwenda likizo, aliyemshikia nafasi hakuweza kufungua majibu ya maabara, na wagonjwa walikuwa wamekaa kwenye benchi tangu asubuhi. Bwana Zuberi alipanda ngazi akihema.

"Wananipigia kila dakika tano. Nimewaahidi leo. Nimeahidi, Eli!"

Nikamgeukia Nakundwa. "Piku AnaruhusiwaKuona kwa zahanati ile. Jibu liwe ndiyo kwa kila mfanyakazi wa pale. Wiki ijayo tutaitoa."

"Kaka, tatizo liko kwenye orodha ya wauguzi. Yule wa muda hajaandikwa. Nipe mpaka kesho mchana nimwingize kwa njia yake ya kawaida, nijue na kwa nini fomu ilimkataa."

"Kesho ni mbali. Ipiku."

"Kila mfanyakazi, kaka? Hata wa mapokezi?"

"Pale kuna wafanyakazi wanne. Wote wanajuana. Ipiku, Nakundwa."

Akaandika. Mistari mitatu. Juu yake akaweka maelezo mafupi: "Ya muda, kwa maagizo. Iondolewe wiki ijayo." Nikaisoma, nikaidhinisha, ikaenda kwa watumiaji kabla ya saa nane. Bwana Zuberi alituletea soda. Wiki ijayo ikaja, tukawa na kazi nyingine, na ile iliyofuata vilevile.

Sasa nije kwa yule mama niliyesema nilimwumiza. Alikuwa akiuza uji pale wakulima wanapopimia tangawizi siku ya gulio, uji wa moto ambao watu walitoka mbali kuufuata. Alipima afya yake kwenye zahanati ile. Ugonjwa gani, msiniulize. Muuguzi alipanga kumwita Jumanne, wakae wawili, mlango umefungwa, amweleze taratibu na dawa aanze.

Karani mpya wa mapokezi alikuwa na wiki mbili kazini. Alikuwa wifi wa yule mama. Kama alifungua ukurasa ule kwa bahati mbaya au kwa kutaka kujua, mimi sijui. Ninachojua ni kwamba mfumo wangu ulipaswa kumwambia hapana, ukamwambia karibu.

Mama yule aliambiwa Jumapili, nje ya kanisa, na mwanamke aliyekuja kumpa pole. Hakujua anapewa pole ya nini. Gulio lililofuata watu walikuja na vikombe vyao kutoka nyumbani. Gulio la baada ya hapo hawakuja. Mume alihamia kwa mama yake. Haya yote niliyasikia kutoka kwa muuguzi, kwenye simu, naye alikuwa akilia kwa hasira. "Ninyi watu wa kompyuta," aliniambia, "mnajua mlichofanya?"

Nilijua. Nilijua kabla hajamaliza sentensi. Nilifungua msimbo, nikaiona ile mistari mitatu, nikaona na maelezo juu yake. Nikaifuta yote asubuhi ileile. Kuifuta ilikuwa lazima, ukurasa ulikuwa bado wazi. Lakini nilipofuta lile neno "kwa maagizo", vijana wangu, nilihisi nafuu. Ninyi mnajua kwamba historia ya mabadiliko hubaki, kila mstari na jina la aliyeuandika na aliyeuidhinisha. Watu waliokuwa wanakuja kwenye kikao mchana hawakujua hilo. Nami nilijua kuwa hawajui.

Kikao kilikuwa juu ya duka, tumekaa watu wanne: Bwana Zuberi, mwakilishi wa shirika, Nakundwa na mimi. Bwana Zuberi hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Nani aliandika hiki kitu?"

Nikasema, "Nakundwa ndiye aliyeandika."

Kila neno la sentensi ile lilikuwa kweli. Katika maisha yangu sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo.

Nakundwa alinitazama. Alisubiri. Alinipa muda, naukumbuka muda ule, ungetosha mtu kusema mambo mengi. Mimi niliangalia mashine ya kuchapia kana kwamba ina karatasi imekwama.

"Ndiyo," akasema mwishowe. "Mimi ndiye niliyeandika."

Hakuongeza kitu. Mpaka leo sijui kama alininyamazia kwa heshima au kwa kunidharau. Akapewa onyo la maandishi. Mimi nikapewa jukumu la kuhakikisha halitokei tena.

Mnaweza kuuliza niliogopa nini. Nilikuwa nimepita miaka hamsini. Kila mwaka lugha mpya, kila mwaka vijana wanakuja wanajua vitu ambavyo mimi ndio kwanza navisoma. Niliogopa wakijua kuwa kosa lile lilitoka kwenye wazo langu la msingi, wazo nililolisifia miaka yote, wataona sina tena ninachojua. Ndiyo hiyo tu. Hakuna sababu kubwa zaidi. Nimeitafuta.

Wiki iliyofuata mama mwenyewe alishuka mpaka Same. Alipanda ngazi zetu akiwa amevaa vizuri, kitenge cha kwenda kanisani, mkoba mikononi. Bwana Zuberi hakuwepo. Alisalimia, akabaki amesimama.

"Nimeambiwa huu mtambo wa zahanati unatengenezwa hapa," akasema. "Nataka kujua ni nani aliwaonyesha watu karatasi yangu."

Nikainuka. "Mama, pole sana. Ni kosa la mwenzetu mmoja. Ameshachukuliwa hatua."

Nakundwa alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu. Nilisema hivyo mbele yake. Alisimama, akachukua kiti chake mwenyewe, akakipeleka kwa mama.

"Kaa, mama. Mwenzake huyo ni mimi. Naitwa Nakundwa. Niliandika kitu ambacho sikutakiwa kukiandika, na nilijua sikutakiwa. Sina la kukupa zaidi ya pole, lakini nataka unione uso."

Mama alikaa. Wakatazamana. "Wewe ni binti mdogo hivi," mama akasema. Wakashikana mikono, wakaongea kwa sauti ya chini, Kipare cha mmoja na Kigweno cha mwingine, wakirudi kwenye Kiswahili wanapopotezana. Mimi nilisimama pale katikati ya ofisi yangu mwenyewe kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. Nikatoka, nikasema naenda kununua maji.

Mwisho wa mwezi Nakundwa aliacha kazi. Aliniaga kwa adabu. Alisema, "Kaka Eli, barua pepe yangu ile ukipata nafasi uisome."

Sikuisoma. Nilifanya kitu kingine: nilifunga kila kitu. Lile neno la ruhusa nililiondoa kwenye metodi zote kwa siku moja, nikajiona mtu wa usalama. Baada ya miezi minne yule aliyechukua nafasi ya Nakundwa alitakiwa kubadilisha mpangilio wa fomu ya zahanati moja, akakuta amefungiwa. Nikamkuta amenakili klasi nzima ili abadilishe mstari mmoja. Nilisimama nyuma yake nikaona ujana wangu wa Moshi umekaa kwenye kiti. Zamani nilijenga nyumba isiyo na milango, sasa nilikuwa nimejenga gereza, na wafungwa walikuwa wanachimba mashimo ukutani. Shimo baya kuliko yote: ndani ya ile nakala, ukaguzi wa ruhusa ulikuwa umenakiliwa pia, na ungebaki hivyohivyo hata mimi nikiurekebisha kwenye kontrola mama.

Ndipo nilipoifungua barua pepe ya Nakundwa. Jibu la swali lenu lilikuwa humo, limekaa zaidi ya mwaka.

Aliandika hivi, kwa kifupi: tusiulize kama klasi iwe wazi au ifungwe, tuulize metodi moja moja. Kwa kila metodi, jiulize: mtu akiipiku na kusahau kuita ya mama, ni nini kitaharibika? Kama ni sura ya ukurasa, jina kukaa vibaya, orodha kupangwa ovyo, iache wazi, watu watafute raha zao. Kama kitakachoharibika ni haki ya mtu, ifunge. Na pale zahanati zinapotofautiana kweli katika jambo la ruhusa, igawe vipande viwili. Metodi kubwa ibaki imefungwa kwa mama: inakagua mtu ni nani, ni muuguzi au si muuguzi, inaandika kwenye daftari la mfumo nani ametazama nini. Katikati yake inaita metodi ndogo iliyo wazi, ambayo mtoto anaweza kuipiku ili kuongeza sharti, kamwe si kupunguza. Mtoto akisema ndiyo na mama akasema hapana, jibu ni hapana.

Alimalizia hivi: "Kaka, najua umeumizwa na maktaba zilizofungwa. Hii haimfungii mtu nje. Inamlinda asiyekuwepo ofisini."

Nilitumia ubunifu wake. Ulifanya kazi mpaka nilipostaafu, na nasikia bado unafanya. Bwana Zuberi aliponiuliza nani aliubuni, nilisema, "Tuliubuni ofisini." Tuliubuni!

Mambo madogo mengine niliyoyajua kwa kuchelewa, yashikeni. Usiandike "ya muda" kwenye msimbo bila kuweka jina la mtu na siku ya kuondoa, na siku hiyo iandikwe kwenye kalenda ya watu, ukutani. Ukifungua metodi kwa kupikuliwa, andika jaribio linaloipiku vibaya makusudi, uone kitakachotokea. Kuna zana za majaribio zitakazotaka metodi ziwe wazi ili ziweze kuziiga. Usifungue mlango wa mgonjwa kwa ajili ya zana. Badilisha jinsi unavyojaribu. Na mtu mdogo kwako akikuuliza "hii ni kwa makusudi?", usicheke. Kama ni kwa makusudi utaweza kueleza. Mimi sikuweza kueleza, ndiyo maana nilicheka.

Siku ya kuniaga, walichinja mbuzi wawili. Bwana Zuberi alisimama akasema, "Huyu ndiye aliyetufundisha kulinda siri za watu." Watu wakapiga makofi. Nilikula pilau ile, nikacheka inapotakiwa kucheka. Wiki iliyofuata nilimwandikia Bwana Zuberi barua ya kurasa mbili, nikamweleza yote, na maelekezo ya kufungua historia ya mabadiliko ajionee. Alinipigia. Akasema, "Eli, yule binti nilimpa onyo kwa mkono wangu huu." Akakata simu. Nasikia alimtafuta Nakundwa akamwomba radhi. Mimi hajanipigia tena.

Baada ya hapo nilipanda Ngujini. Nakundwa anafanya kazi nyumbani kwao siku hizi, anaandikia kampuni ya mbali, dirisha lake linatazama migomba. Alinisalimia kwa shikamoo kama zamani, akaweka chai. Nikasema yote niliyokwenda kuyasema. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Nilidhani ukija nitafurahi," akasema. "Kumbe bado nina hasira."

"Una haki."

"Najua nina haki, kaka. Yule mama ulishamweleza?"

"Bado."

"Basi umekosea njia. Ungeanzia kule." Akanyanyua vikombe. "Yuko Hedaru. Anauza vitu vya milimani karibu na yanaposimama mabasi. Muulize yeyote."

Nilikwenda Hedaru Alhamisi. Nilimtambua kabla sijauliza. Alikuwa na meza ya ndizi, tangawizi na magimbi, mwili umemrudia, uso umetulia. Nikasubiri mteja aondoke. Nikajitambulisha, nikamwambia: aliyeacha mlango wazi ni mimi, aliyetoa amri ni mimi, na siku uliyokuja ofisini nilikudanganya mbele ya yule niliyemsingizia.

Alikuwa anapanga magimbi, akaendelea kuyapanga.

"Yule binti alikuja kwangu mara tatu," akasema. "Kule juu, watu hawaji, yeye alikuja. Siku nilipohama alibeba godoro langu kichwani mpaka barabarani. Hakuwahi kunitajia wewe." Akainua macho. "Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa Same."

"Same," akasema. "Hapo tu."

Machozi yalinitoka, mtu mzima na mvi zangu, kando ya barabara kuu, malori yakipita. Sikuwa nimepanga kulia, na niliona aibu kwamba nalia mbele ya mtu ambaye ndiye aliyestahili kulia. Mama alinitazama kidogo, akatikisa kichwa.

"Nimekusikia, baba. Siwezi kukuambia yameisha, kwa sababu hayajaisha. Nenda sasa, nina wateja."

Nikaondoka. Sikuwa nimefika mbali, kama hatua kumi, nilipomsikia mwanamke aliyekuwa amesogea mezani akiuliza kwa sauti ya udadisi, "Jamani, yule mzee ana nini? Mbona analia?"

Nikasimama. Alikuwa na kila sababu ya kumwambia. Soko zima lingejua kabla ya basi langu kufika.

"Ana mambo yake," mama akasema. "Wewe unataka ndizi ngapi?"